Matthew Lyon, Mgambo wa Vermont Aliyeshinda Ubunge Akiwa Jela

Desemba 1798, wapiga kura wa magharibi mwa Vermont, jimbo la milima na mashamba kaskazini-mashariki mwa Marekani, walimrudisha bungeni mtu ambaye wote walijua yuko kifungoni. Hakufungwa kwa wizi wala kwa damu ya mtu. Alifungwa kwa sababu ya barua aliyoipeleka gazetini akimlaumu Rais John Adams. Wenye kumtaja Matthew Lyon siku hizi humtaja kwa kumtemea mwenzake mate bungeni, na mambo yakaishia hapo. Mimi naona wapiga kura wake ndio wenye habari kubwa zaidi. Wakulima wale walifikaje mahali pa kuipuuza hukumu ya jaji na kuikataa kwa karatasi za kura? Ili kulijibu swali hilo ni lazima turudi nyuma zaidi ya miaka thelathini.

Nauli ya bahari, 1749–1774

Lyon alizaliwa tarehe 14 Julai 1749 katika wilaya ya Wicklow, Ireland. Alianza kujifunza kazi ya uchapaji mjini Dublin, lakini mwaka 1764, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, alipanda jahazi la kwenda Amerika bila senti ya nauli. Wakati huo maskini wengi wa Ulaya walivuka hivyo. Nahodha alimchukua abiria kwa mkopo, na chombo kikitia nanga aliuuza mkataba wake kwa yeyote aliyekuwa tayari kulipa nauli ile. Abiria akamtumikia mlipaji huyo kwa miaka kadhaa mpaka deni liishe. Lyon alifanya kazi Connecticut kwa utaratibu huo, na inasimuliwa kwamba mkataba wake ulipohamia kwa bwana wa pili, bei yake ilikuwa mafahali wawili. Baadaye maishani alikuwa akiapa kwa mafahali hao mbele ya watu, bila kuficha alikotoka. Lakini hakuwa mtumwa. Mkataba wake ulikuwa na siku ya mwisho, na Waafrika walioshushwa katika bandari za pwani ileile hawakuwa na siku kama hiyo.

Alipokuwa huru alimwoa Mary Hosford, jamaa ya Ethan Allen, kiongozi wa mgambo tutakayemkuta hivi punde, na mwaka 1774 wakahamia kaskazini, kwenye nchi iliyokuwa ikigombewa kwa hati na kwa viboko.

Ugomvi ule ndio shina la yote yaliyofuata. Kuanzia mwaka 1749 gavana wa New Hampshire, Benning Wentworth, alikuwa akigawa na kuuza ardhi upande wa magharibi wa mto Connecticut. New York nayo ilidai ardhi hiyohiyo ni yake. Mwaka 1764 serikali ya Mfalme huko London iliamua kwamba mpaka wa New York ni mto ule. Kwa mkulima aliyekwisha kununua shamba, kufyeka msitu na kujenga kibanda chake, uamuzi huo ulikuwa na maana moja: hati yake imegeuka karatasi tupu, na akitaka kubaki ainunue upya ardhi yake mwenyewe kwa wakubwa wa New York.

Walikataa. Walijipanga kuwa kikosi cha mgambo, Vijana wa Milima ya Kijani, chini ya Ethan Allen, na makutano yao yakawa katika nyumba ya wageni ya Catamount mjini Bennington. Wapima ardhi wa New York walifukuzwa, maafisa wake wakachapwa, na waliokubali hati za New York wakabomolewa nyumba. Serikali ya New York ikatangaza zawadi kwa atakayemkamata Allen, na hakuna aliyemleta. Watu wale walijifunza mapema kwamba amri ya wakubwa walio mbali inaweza kuwa halali kwenye karatasi na bado ikawa dhuluma shambani. Lyon alijiunga na watu hao, akawa mmoja wao.

Upanga wa mbao, 1775–1777

Vita ya uhuru ilipoanza, mgambo hao waligeuza bunduki kutoka kwa New York na kuzielekeza kwa Uingereza. Alfajiri ya tarehe 10 Mei 1775 waliiteka ngome ya Ticonderoga kando ya ziwa Champlain, na Lyon, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwamo. Mwaka uliofuata alikuwa luteni katika kikosi kilichopelekwa Jericho, kwenye mto Onion, ambao sasa unaitwa Winooski. Majeshi ya Marekani yalikuwa yakirudi nyuma kutoka Canada, na kituo kile kidogo kilibaki mbele peke yake. Askari walinung'unika kwamba wamewekwa pale kulinda ngano ya matajiri wenye ardhi, huku wao wakingoja kuchinjwa. Usiku mmoja wakaamua kuondoka, na maafisa wao wakaondoka nao.

Jenerali Horatio Gates hakutaka kusikia habari ya ngano. Mahakama ya kijeshi iliwavua vyeo maafisa wote na kuwafukuza jeshini. Lyon alishikilia maisha yake yote kwamba alijaribu kuwazuia askari wake, na kwamba adhabu ilimkuta pamoja na wenye hatia. Uvumi ukaongezwa juu ya hukumu: kwamba alivalishwa upanga wa mbao na kupitishwa mbele ya jeshi kama mwoga. Aliukana uvumi huo siku zote, lakini maadui zake waliupenda kuliko ukweli.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba jeshi lilimrudisha. Mwaka 1777 Jenerali Philip Schuyler alimpa kazi ya mlipaji wa mishahara katika kikosi cha Seth Warner, pamoja na cheo cha kapteni. Mwaka huohuo alikuwepo katika mapigano ya Bennington mwezi Agosti, na Saratoga mwezi Oktoba, ambako Jenerali Burgoyne wa Uingereza alisalimu amri pamoja na jeshi lake. Baadaye Lyon alipanda hadi ukanali katika mgambo wa Vermont. Kwa mtu mwadilifu, hesabu ingefungwa hapo.

Jamhuri ndogo na nyundo za Fair Haven

Mwaka 1777 watu wa milima walijitangaza kuwa nchi yao wenyewe, Vermont, wakakaa nje ya Marekani hadi mwaka 1791 walipoingia kama jimbo la kumi na nne. Katiba yao ilikataza kumweka mtu mzima utumwani, na iliwapa wanaume kura bila kuwauliza wana mali kiasi gani. Jambo hili la pili lina uzito mkubwa katika habari yetu, kwa sababu kura ya mtu asiye na kitu ndiyo iliyokuja kumwokoa Lyon.

Alifanya kazi za uandishi serikalini chini ya Gavana Thomas Chittenden, na baada ya kifo cha Mary alimwoa Beulah, binti wa gavana huyo. Alikaa katika bunge la Vermont miaka mingi. Hakuwa malaika: alinufaika na wakati ule ambapo ardhi za wafuasi wa Mfalme zilitaifishwa, na alipokataa kukabidhi kumbukumbu za mahakama iliyosimamia kazi hiyo, alishtakiwa na kukutwa na hatia.

Lakini alijenga. Huko Fair Haven, kwenye maporomoko ya mto, aliweka kinu cha kupasulia mbao, kinu cha nafaka na karakana ya chuma ya kufulia zana za mashamba. Aliweka pia kinu cha karatasi, na matambara ya kutengenezea karatasi yalipokuwa adimu, alitumia magome ya mti. Karatasi ikizidi, mtu hutafuta cha kuchapa. Mwaka 1793 alianzisha gazeti, na mwanawe James akaingia katika kazi hiyo ya uchapaji. Katika kurasa hizo aliwashambulia mawakili na matajiri wa Wafederali, chama cha John Adams, ambao aliona wanawatazama wakulima kama watu wa kutawaliwa tu. Aligombea ubunge wa Marekani akashindwa, akagombea tena akashindwa, hadi akapita na kuingia bungeni mwaka 1797.

Philadelphia, majira ya baridi ya 1798

Bunge lilikaa Philadelphia wakati huo. Ilikuwa desturi wabunge kwenda kwa msafara nyumbani kwa Rais kumsomea majibu ya hotuba yake. Lyon aliomba asihesabiwe katika msafara huo, kwa kuwa aliuona ni mwigo wa mabaraza ya wafalme. Wafederali walimcheka lafudhi yake ya Ireland na asili yake ya utumishi. Yeye naye hakuwa na ulimi wa asali.

Tarehe 30 Januari 1798, wakati kura zikihesabiwa juu ya jambo jingine, Lyon alikuwa karibu na moto akizungumza na Spika, Jonathan Dayton. Alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika kwamba wabunge wa Connecticut wanafanya kinyume na maslahi ya watu wao, na kwamba yeye akienda huko na mtambo wa chapa kwa miezi sita, angewageuza wapiga kura. Roger Griswold wa Connecticut akadakia kwamba akienda, achukue upanga wake wa mbao. Lyon hakujibu. Griswold akamsogelea, akamshika mkono na kulirudia tusi lile. Lyon akageuka, akamtemea mate ya tumbaku usoni.

Wafederali walitaka afukuzwe. Kura zilikuwa 52 za kumfukuza na 44 za kumbakiza, na kwa kuwa theluthi mbili zilihitajika, alibaki. Tarehe 15 Februari, kabla kikao hakijafunguliwa, Griswold aliingia na bakora nzito, akaenda moja kwa moja hadi kwenye dawati la Lyon na kuanza kumpiga kichwani na mabegani. Lyon alijinasua kutoka katikati ya madawati, akafika penye moto na kunyakua koleo la makaa. Waliishia sakafuni wakigaragazana, huku wenzao wakiwavuta miguu ili kuwaachanisha. Spika alitazama tu, kwa hoja kwamba kikao kilikuwa bado hakijaanza. Mchoro wa tukio hilo uliuzwa mitaani. Bunge likakataa kuwafukuza wote wawili.

Watu wengi huona vurugu tupu katika kisa hiki. Mimi namwona mtu aliyebeba fedheha ya miaka ishirini na miwili iliyopita, akachokonolewa pale penye kidonda mbele ya nchi nzima. Kutema mate kulikuwa kosa la adabu, na nalihesabu kosa. Kumpiga bakora mtu aliyekaa kwenye kiti chake kulikuwa kosa kubwa zaidi, lakini ni Lyon aliyebaki na jina baya.

Sheria ya Uchochezi

Wakati huo Marekani na Ufaransa zilikuwa zikikamatiana meli baharini bila kutangaza vita rasmi. Hofu ilitanda, na Wafederali waliitumia. Tarehe 14 Julai 1798, siku Lyon alipotimiza miaka 49, Rais Adams alitia saini Sheria ya Uchochezi. Kuandika au kuchapisha maneno ya uongo na ya hila yenye kulidharaulisha bunge au Rais kukawa jinai, yenye faini hadi dola 2,000 na kifungo hadi miaka miwili. Makamu wa Rais hakuwekwa katika orodha ya wanaolindwa. Makamu huyo alikuwa Thomas Jefferson, kiongozi wa upinzani. Tena sheria iliwekewa mwisho wa tarehe 3 Machi 1801, ili Wafederali wakishindwa uchaguzi isije ikageuzwa dhidi yao.

Shina la sheria hiyo ni sheria ya kale ya Uingereza juu ya uchochezi, shina lilelile ambalo baadaye watawala wa kikoloni walilipanda Afrika Mashariki. Watetezi wake Marekani walisema wameilainisha, kwa sababu mshtakiwa aliruhusiwa kujitetea kwa kuthibitisha kwamba alilosema ni kweli. Lakini mtu athibitishe vipi maoni? Ukisema Rais anapenda makuu kupita kiasi, utamleta shahidi gani?

Lyon aliandika hasa maneno ya aina hiyo. Katika barua kwa gazeti la Vermont alisema kwamba chini ya Adams ustawi wa watu umemezwa na uroho wa madaraka, kiu ya fahari za kipuuzi na kupenda kusifiwa. Aliiandika mwezi Juni, kabla sheria haijakuwepo. Ikachapishwa mwisho wa Julai, sheria ikiwa na wiki mbili. Aliongezewa pia shtaka la kusoma na kuchapisha barua ya mshairi Joel Barlow, ambayo ilishangaa kwamba bunge halikumpeleka Rais kwenye nyumba ya wendawazimu.

Kesi ilisikilizwa Rutland mwanzoni mwa Oktoba 1798, mbele ya William Paterson, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ambaye naye alizaliwa Ireland na alikuwa miongoni mwa waliotia saini Katiba. Lyon alijitetea mwenyewe. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba sheria yenyewe inavunja Katiba. Jaji aliwaambia wajumbe wa juri wasiigusie. Ndipo Lyon akamgeukia jaji na kumuuliza kama amewahi kula chakula kwa Rais na kuona fahari za kipuuzi huko. Paterson alijibu kwamba amekula kwake mara chache na hakuona ila maisha ya kawaida. Lyon akamuuliza kama maisha hayo yanafanana na anayoyaona pale Rutland, kwenye nyumba ya wageni. Jaji hakujibu. Kwa swali hilo moja Lyon alikuwa amejaribu kufanya kile ambacho sheria ilimruhusu, yaani kuthibitisha ukweli, na akaonyesha kwamba haiwezekani.

Juri ilitoka kwa muda wa kama saa moja na kurudi na neno la hatia. Paterson alimhukumu kifungo cha miezi minne, faini ya dola 1,000 na gharama za kesi dola 60 na senti 96.

Vergennes, Oktoba 1798 hadi Februari 1799

Alidhani atafungwa Rutland karibu na nyumbani. Afisa wa serikali kuu, Jabez Fitch, alimpeleka kaskazini hadi Vergennes, akipita naye njiani kama mhalifu wa kuonyeshwa watu. Chumba chenyewe kilikuwa na urefu wa futi 16 na upana wa futi 12, na ndimo walimowekwa wezi na watoro. Pembeni palikuwa na choo, na harufu yake haikuwa na pa kutokea. Mwanga na hewa viliingia kupitia tundu dogo mlangoni, lenye umbo la nusu mwezi, na baridi ya Oktoba ya Vermont iliingia papo hapo. Hapakuwa na moto mpaka rafiki zake walipomletea jiko. Wafuasi wake walikuwa tayari kulibomoa jengo usiku mmoja tu. Lyon aliwasihi wasifanye hivyo, akawaambia njia yao iwe kura.

Kutoka mle ndani aliendelea kuandika barua za kampeni, na James akazichapa. Uchaguzi wa Septemba haukumpa mtu yeyote wingi wa kutosha, hivyo watu wakapiga kura tena Desemba. Lyon, mfungwa, alipata kura 4,576. Mpinzani wake wa karibu alipata 2,444.

Watu wale walikuwa na sababu. Walikuwa watoto wa ugomvi wa hati za New York, na wengi hawakuwa na mali ambayo ingewapa kura katika majimbo mengine. Serikali ilidhani kumfunga Lyon ni kuwaonyesha kwamba mbunge wao hafai. Wao walisoma vingine: kama mbunge anafungwa kwa kusema, mkulima atasema nini? Maelfu walikuwa wametia saini ombi la msamaha na kulipeleka kwa Adams, akalikataa kwa kuwa Lyon mwenyewe hakutubu.

Tarehe 9 Februari 1799 muda uliisha. Fedha za faini zilichangwa na majirani zake na wapenzi wa Jefferson hadi Virginia. Kwa kuwa alihofia kukamatwa kwa mashtaka mapya, alipovuka kizingiti alitangaza kwa sauti kwamba yuko safarini kwenda Philadelphia, maana mbunge anayekwenda kikaoni alikuwa na kinga. Watu walimsindikiza kwa magari ya theluji kutoka mji hadi mji. Mchapaji Anthony Haswell, aliyekuwa amechapa tangazo la bahati nasibu ya kumchangia faini, alifungwa miezi miwili mwaka uliofuata. Bungeni Wafederali walijaribu tena kumfukuza, wakakosa theluthi mbili.

Kura ya Vermont, 1801

Uchaguzi wa rais wa 1800 ulitoa sare: Jefferson 73, na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, naye 73. Kwa mujibu wa Katiba, Baraza la Wawakilishi likaamua, kila jimbo likiwa na kura moja. Majimbo yalikuwa 16, na tisa yalihitajika. Jefferson alikuwa na manane. Vermont ilikuwa na wabunge wawili, Lyon na Mfederali Lewis Morris, na kwa kuwa walipingana, kura yao ilikuwa haihesabiki. Waliendelea hivyo duru baada ya duru. Tarehe 17 Februari 1801, katika duru ya 36, Morris alijiweka kando. Lyon akabaki peke yake, na kura ya Vermont ikaenda kwa Jefferson. Maryland nayo ikafunguka siku hiyohiyo. Sheria ya Uchochezi ilikufa baada ya wiki mbili, na Jefferson akawasamehe waliohukumiwa kwayo.

Kentucky na Arkansas

Lyon hakukaa Vermont kuvuna alichopanda. Alihamia Eddyville, Kentucky, kwenye mto Cumberland, akajenga vyombo vya mtoni, na mwaka 1803 watu wa huko wakampeleka bungeni, akakaa hadi 1811. Alikuwa ametoka katika jimbo lililokataza utumwa na kuhamia lililouruhusu, na jambo hilo halipendezi kulisimulia. Alishindwa uchaguzi wa 1810, na mashua za kivita alizoijengea serikali wakati wa vita ya 1812 zilimfilisi.

Mwaka 1820, Lyon akiwa na miaka zaidi ya sabini, Rais Monroe alimpa kazi ya kusimamia duka la serikali la biashara na Wacherokee huko Spadra Bluff, Arkansas. Wacherokee hao, wenyeji wa asili wa Amerika, walikuwa wamesukumwa kutoka ardhi zao za mashariki. Kijana aliyepigania hati za ardhi Vermont alimalizia siku zake akiwauzia bidhaa watu ambao hati zao hazikuheshimiwa. Hata huko aligombea uwakilishi katika bunge la Marekani, akashindwa na James Woodson Bates, akapinga matokeo. Alifariki tarehe 1 Agosti 1822.

Faini inarudi

Watoto wake hawakuliacha jambo. Tarehe 4 Julai 1840, bunge lilipitisha sheria ya kuwarudishia warithi wa Matthew Lyon dola 1,060 na senti 96, pamoja na riba tangu Februari 1799, kwa hoja kwamba Sheria ya Uchochezi ilikuwa batili. Malipo hayo hayakusahauliwa. Mwaka 1964, Mahakama ya Juu ilikuwa na kesi ya gazeti la New York Times, ambalo lilitakiwa kulipa dola 500,000 huko Alabama kwa tangazo la kuwatetea Martin Luther King na wenzake. Jaji William Brennan, akieleza kwa nini raia wana haki ya kuwalaumu wenye madaraka hata wakikosea baadhi ya mambo, alirejea Sheria ya Uchochezi ya 1798 na sheria ya 1840 iliyorudisha faini. Gazeti likashinda.